Kona ya Beldina

Kuku yangu ya madoa ndiyo ilichinjwa siku Erastus alipovishwa sifa ya mtu mwingine. Miaka mitatu nilitembea na hiyo kuku kifuani. Watu walikuwa wananiambianga, mama, kuku ni kuku, achana nayo. Mimi siachangi. Lakini kabla nifike kwa kuku nieleze aliyeipika, maana haya maneno ni yake. Mimi nimebaki tu ndio nasema.

Aliyeipika ni Beldina, mke mwenza wangu. Bwana yetu Makhanu alimleta hapa Khayega wakati Sylvia, kitinda mimba wangu, alikuwa bado ananyonya. Nilitoka shambani nikakuta msichana mwembamba amekaa jikoni kwangu, ameshika mwiko yangu, anasonga obusuma, ugali wetu, kama mtu ameitwa. Nilimnyang'anya mwiko. Miaka kumi na kitu sikumpa tena. Alijengewa jiko lake, akapika kwake, na kila asubuhi alinisalimia kwa ua, "Mulembe, Mama Sylvia," na mimi nikatema mate chini. Sioni haya kusema. Ndivyo nilivyokuwa.

Alizaa watoto wawili. Surua iliwachukua wote mwezi mmoja. Hakuzaa tena, na Makhanu akaanza kumpita kama mtu anapita stuli. Mwaka wa themanini na tisa Makhanu naye akaenda. Tukabaki wajane wawili ndani ya boma moja, na bwana wa kugombania hayuko. Hapo ndipo nilianza kumjibu salamu.

Beldina alikuwa anauza ndizi za kuiva pale Khayega, penye magari ya Kakamega yanasimama. Karai kichwani, asubuhi mpaka saa kumi. Na hizo ndizi zilimnunulia shamba. Kulikuwa na mtu alikuwa anahamia Likuyani, kule mahindi inakubali, akamuuzia kipande chake cha chini, nje ya ua wetu, karibu na mto. Kipande chembamba kama mshipi, na nusu yake mawe meupe. Wazee wa ukoo walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda.

"Beldina, umenunua mawe?"

"Nimenunua mahali, Mama Sylvia."

Mkumbuke hiyo. Hakurithishwa, alinunua. Ardhi ya ukoo ina wenyewe na ina miiko yake. Ile ilikuwa yake peke yake, na hakuna mzee angemwambia nani aingie na nani asiingie.

Mwaka wa tisini na moja ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Hatukuwa tunautaja jina. Tulikuwa tunasema tu fulani ameanza kukonda, na hapo watu wanaacha kunywa chai kwake. Walioteseka zaidi ni wasichana. Nieleze, maana vijana wa sasa hawajui. Kwetu mwanamke aliyeolewa anazikwa kwa bwana yake. Lakini kama ng'ombe za mahari hazikutoka, wale wa bwana wanasema huyu si wetu. Na baba yake hawezi kumzika ndani ya boma, kwa sababu msichana aliyekwisha kuolewa akizikwa kwao, dada zake hawataolewa, boma inaharibika. Basi huku hapana, kule hapana. Mwili unakaa mochari mpaka mtu wa mochari anachoka.

Wa kwanza alikuwa Nekoye, msichana aliyekuwa anaosha vyombo katika hoteli pale sokoni. Beldina alikuwa anampelekea uji akiwa mgonjwa. Alipokufa hakuna mtu wa kwao alitokea. Beldina akakodi mkokoteni, akamleta, akampitisha nje ya ua wetu mpaka kwa kile kipande chake. Nilimsimamia njiani.

"Wewe, sasa unafungua mochari hapa?"

"Atalala wapi, Mama Sylvia?"

"Kwao!"

"Kwao wamekataa."

"Basi serikali imzike."

"Serikali itamuosha?"

Alimuosha mwenyewe kwa mikono yake, wakati watu walikuwa wanaogopa hata kushika kikombe. Akamvika gauni yake mwenyewe ya kanisa. Juu ya kaburi akaweka jiwe moja jeupe, yale mawe niliyokuwa nacheka, na upande wa juu wa shamba akapanda mti wa lusiola.

Baada ya huyo, watu wakajua njia. Walikuwa wanakuja kwake jioni jioni, kwa mlango wa nyuma, mama mtu na shangazi mtu, wamejifunika leso mpaka macho. Walimwomba mahali. Halafu walimwomba kitu kingine: asiseme. Mtu akijua nyumba fulani ina msichana amelala pale kwa mawe, nani ataoa kwao tena? Beldina alimwambia kila mmoja, "Nimesikia." Na kwa Beldina hilo neno lilikuwa kufuli.

Erastus nisimnyime haki yake. Huyo ni wa ukoo wetu, ndugu ya bwana yangu kwa hesabu ya babu, mzee wa kanisa, mwenye mashine ya kupasua mbao hapo barabarani. Yeye ndiye alikuwa anatoa mbao za masanduku. Lakini mbao gani? Mabanzi. Ile ngozi ya nje ya mti, na maganda yake, ile mwenye mashine anatupa ama anapea watu wa kuchoma matofali. Beldina alikuwa anabeba kwa kichwa, anachonga maganda kwa panga siku nzima ili msichana asilale ndani ya kitu kibaya. Hiyo ndiyo kazi Erastus alifanya. Alifungua geti.

Sasa nifike kwa yangu.

Sylvia aliolewa Likuyani na kijana ambaye hakuleta hata mbuzi. Nilipiga kelele, hakusikia. Walikaa miaka mitatu, kijana akampiga, akaenda Kisumu kutafuta kazi. Mwaka wa tisini na tatu, mwezi wa nne, alirudi kwangu. Nilimuona kwa njia nikadhani ni bibi mzee anakuja kuomba maji. Mtoto wangu wa mwisho. Mkono wake ungeweza kuuzungusha kwa vidole viwili.

Nilimfungia nyumbani. Niliambia watu ana malaria. Beldina alikuwa anakuja na uji wa wimbi, anamlisha kwa kijiko, anamfulia matandiko kule mtoni mahali watu hawaoni. Wiki saba. Sylvia alikuwa anamwita Mama. Mimi alikuwa ananiita Mama pia, lakini akitaka maji usiku alikuwa anaita yule.

Alipokufa nilituma watu Likuyani. Walirudi na jibu: aliondoka mwenyewe, hatumjui. Nikaenda kwa wazee wetu. Wanzala, mkubwa wa ukoo, ndugu mkubwa wa bwana yangu, aliniangalia kwa huruma, hiyo nakubali, lakini akaniita shemeji kwa lugha yetu, akasema, "Mulamwa, unajua. Ndani ya boma haiwezekani."

Nilikaa chini pale pale kwa njia. Sijui nilikaa saa ngapi. Beldina akaja akanishika chini ya kwapa, akanisimamisha.

"Kona yangu iko nje ya ua," alisema. "Iko na nafasi."

Tulimzika asubuhi, umande ukiwa bado kwa nyasi. Watu wanne. Kaburi la nne kutoka kwa mti wa lusiola, hilo ndilo la Sylvia. Hakuna wimbo uliimbwa kwa sababu wimbo ungesikika. Na mimi, kabla jembe lipanguswe udongo, nilimshika Beldina mkono nikamwambia, "Hakuna mtu atajua." Akasema, "Nimesikia." Kijijini nilitangaza kwamba watu wa Likuyani walibadilisha nia, wakaja na gari wakachukua mwili wa bibi yao. Nilisema hivyo sokoni, nilisema kanisani. Niliongeza hata rangi ya gari.

Kwa hivyo mjue, siku wageni walikuja mwaka wa tisini na tano, Erastus alikuwa anajua mahali pa kunishika, maana mabanzi ya sanduku la Sylvia yalitoka kwa geti lake.

Kulikuwa na chama huko Nairobi kilichokuwa kinazunguka kutafuta watu wakarimu, mtu mmoja mmoja, si makampuni, si serikali, mtu ambaye ametoa chake kwa wenzake. Wakimpata wanampa tuzo, ubao wa mbao wenye bati ya kung'aa yenye jina lake, na anapigwa picha. Walikuwa wamesikia kwa kanisa kwamba hapa kwetu kuna mtu anazika waliotupwa. Barua ikaletwa kwa mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa ni nani? Erastus.

Akaja kwa boma letu akitabasamu. "Mulamwa, tuna wageni. Beldina atapika, yeye ndiye anajua mkono wa kupika. Na wewe utatutolea ingokho moja, ile kubwa ya madoa." Hakusema wageni wa nini. Nilitoa kuku. Mgeni ni mgeni.

Walikuja watatu, mama mmoja mwenye kamera na wanaume wawili wa tai. Beldina alikuwa jikoni kwa moshi, macho mekundu. Mimi nilikuwa nashika beseni ya kunawisha. Wakateremka mpaka kwa mawe, na Erastus mbele, mikono nyuma, anaonyesha. "Hapa ndipo ninapowalaza. Sanduku zote zimetoka kwa mashine yangu." Ninapowalaza! Nikamwagia maji miguu ya mgeni.

Yule mama wa kamera alikuwa na akili. Aliuliza, "Tungependa kuongea na jamaa za waliozikwa hapa. Hakuna mzazi wa karibu atuambie nani aliyemsaidia?"

Erastus akageuka, akaniangalia mimi. Mimi tu. Polepole akasema, "Mama, wewe ni wa hapa. Unajua mtu yeyote ambaye ana mtoto wake hapa? Sema tu."

Beldina alikuwa amefika na sufuria ya mchuzi. Alisimama. Jiwe la Sylvia lilikuwa karibu na mguu wangu hivi, ningeweza kuliguza na kidole.

Nikasema, "Mimi sijui mtu hapa."

Basi. Ikaisha. Wageni walikula kuku yangu, wakasifu mchuzi, wakaenda. Nilimfuata Beldina jikoni nikidhani atanitukana, na nilitaka anitukane. Alikuwa anasugua sufuria.

"Mbona hukusema ni wewe?" nilimuuliza.

"Wangeuliza majina."

"Si ungesema lako tu!"

"Wangeuliza shahidi. Ningemtaja nani? Niliwaambia nimesikia." Akamwaga maji machafu. "Wewe ulikuwa umechoka, Mama Sylvia. Kaa chini, nimekuwekea firigisi."

Firigisi ya kuku yangu. Sikuila. Nilimpa paka.

Erastus aliitwa Kakamega mjini, ukumbi umejaa, akapewa ubao wake. Akaja nao akautundika sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, akaalika watu. Na Beldina alienda! Alivaa leso safi akaenda akapiga makofi. Alipiga kuliko wote. Nilimuuliza njiani, "Wewe ni mjinga?" Akasema, "Labda sasa atatoa mbao nzuri." Hakutoa. Alitoa mabanzi yale yale, na akaongeza kibao cha rangi pale juu kwa lusiola, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Mimi nilitoka shule darasa la pili, lakini jina la Erastus nilijua kulisoma kwa sababu ya hasira.

Beldina alizika wengine watano baada ya Sylvia. Wote wakawa tisa. Aliendelea kuuza ndizi ingawa wengine waliacha kununua kwake, wakisema mikono yake imegusa maiti. Alikuwa anarudi na karai nusu, tunakula sisi wawili ndizi zilizolainika. Hakuzungumza habari ya ubao hata siku moja. Mimi nilizungumza kila siku. Kila asubuhi alinisalimia, "Mulembe, Mama Sylvia," na kila asubuhi hilo jina lilinikata, kwa sababu yeye peke yake alijua Sylvia amelala hatua arobaini kutoka kwa mlango wangu na mimi sijawahi kwenda kumng'olea magugu mchana.

Mwaka wa tisini na nane, mwezi wa tatu, alikuwa anapanda maharagwe. Alirudi akisema kifua. Jioni nilimpikia uji wa wimbi nikamlisha kwa kijiko. Ndio mara yangu ya kwanza kumpikia, tangu siku ya mwiko. Alikunywa nusu. Kesho yake mchana alikuwa amekwenda.

Tulimzika kwa nyumba yake kama bibi wa boma. Na siku ile ile ya mazishi, Erastus akaniambia kwa sauti ya kanisa, "Mulamwa, ile kona sasa nitaichukua niitunze. Hata Nairobi wanajua ni mradi wangu." Nilijua atatunza namna gani. Angepanda blugamu. Mashine inataka miti, na mizizi ya blugamu haiulizi nani amelala chini.

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi watu wa boma wananyolewa. Na siku hiyo ndipo mambo ya marehemu yanafungwa. Wembe ukiwa kwa kichwa, mzee anauliza: nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani? Ukinyamaza hapo, umenyamaza milele. Nywele zikiisha kukauka chini, hakuna mtu atakusikiliza tena.

Watu walijaa. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kwa kiti, mkubwa wa nyumba. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeshanyolewa Wanzala aliposimama na fimbo yake akauliza. Mtu mmoja akasema Beldina alikuwa na jembe lake. Likarudishwa. Halafu Erastus akasimama na karatasi. "Mimi simdai. Nataka tu ukoo uthibitishe kile kipande cha mawe ni cha kazi yangu. Tuzo ni shahidi."

Nikashika mkono wa mnyoaji. "Ngoja."

"Mama, kaa, utakatwa," akasema.

"Nikatwe. Marehemu anadai." Nilisimama hivyo hivyo, nusu upara, nusu mvi. "Anamdai Erastus. Alichukua jina lake akalitundika kwa ukuta."

Watu waliguna. Erastus akacheka kidogo. "Mulamwa, ni huzuni hiyo. Mimi nimezika watu pale. Kama si mimi, walete wenyewe. Mwenye mtu wake pale asimame aseme nani alimzika." Akazungusha macho. "Mnaona? Hakuna."

Alikuwa anajua. Miaka mitatu alikuwa amekalia aibu yetu kama kiti.

Nikasema, "Mimi niko. Wa nne kutoka kwa lusiola ni Sylvia, binti yangu. Hakwenda Likuyani. Hakuna gari lilikuja. Niliwadanganya nyinyi wote, na rangi ya gari nilitunga. Aliyemuosha ni Beldina. Aliyemfulia mavi ni Beldina. Erastus hakuwa hapo, na mabanzi aliyotoa Beldina aliyabeba kwa kichwa."

Erastus akafungua mdomo, lakini aliyesema ni mwingine, nyuma kabisa kwa wanawake.

"Wa sita ni mdogo wangu, Awinja."

Ilikuwa Teresa, bibi ya Erastus mwenyewe. "Nilikuja kwa mlango wa nyuma. Bwana yangu alinikataza nisilete msiba kwake. Beldina alifungua."

Halafu mzee Bramwel, fundi wa baiskeli, mtu ambaye hatukuwahi kumdhania: "Wa nane ni wangu." Akaanza kulia kama mtoto, kofia mdomoni.

Wanzala aligonga fimbo. "Erastus. Marehemu anakudai. Jibu kabla wembe umalize."

Teresa hakumngoja. Alitoka, tukamuona akienda haraka kwa njia ya kwao, na mimi nikabaki nimesimama na nusu kichwa, upepo ukinipiga upande ule wa upara. Alirudi na ule ubao chini ya kwapa, na kitambaa chake cha kufuma bado kimening'inia. Akauweka chini mbele ya kiti changu.

Ndipo Erastus akasema. Kwa sauti ndogo, lakini alisema. "Kona si yangu. Kazi haikuwa yangu. Nilitoa mabanzi."

"Kwa sauti," nikamwambia.

"Nilitoa mabanzi tu! Ilikuwa kazi ya Beldina."

Wanzala akasema imesikika. Akasema kona ibaki ya hao tisa, na hakuna mti utapandwa, na Erastus aandike barua Nairobi aeleze. Barua sijui kama aliandika. Kibao cha rangi aliking'oa mwenyewe jioni hiyo mbele ya watu, na msumari ulimchoma mkono.

Lakini kabla ya hapo alinisogelea, jasho kwa uso. "Mulamwa, nisamehe. Hata ile kuku nitakulipa."

"Kuku usilipe," nikasema. "Hiyo ibaki."

Beldina angemwambia amesikia. Mimi si Beldina, na yeye alikuwa chini ya udongo siku tatu, hakusikia hata neno moja la yale yaliyodaiwa kwa jina lake.

"Kaa wamalize, Mama Sylvia," Teresa akaniambia, akanishika chini ya kwapa.

Nikakaa. Mnyoaji akaendelea na upande uliobaki, na mvi zangu zikawa zinaanguka juu ya ile bati, moja moja, mpaka jina la Erastus likafunikwa.